Amri Bila Mwamrishaji: Matumizi ya ssh katika Skripti Zinazojiendesha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna programu ya ssh, itumiwayo kuunganisha kompyuta moja na nyingine iliyo mbali kwa amri za maandishi, inavyoweza kutumiwa ndani ya skripti, yaani orodha ya amri inayotekelezwa bila msimamizi. Ssh ya kwanza ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. OpenSSH, itumikayo sana hivi leo, ilitolewa na wanaprogramu wa OpenBSD mwaka 1999.

Hoja yetu ni kwamba ssh, inapotumiwa kwa mkono, huendesha majibizano: programu huuliza, mtu hujibu. Katika skripti mjibuji hayupo. Hivyo, kila swali halina budi kujibiwa kabla halijaulizwa.

2.0 Swali la Nywila

Tuchukulie idara ya Kiswahili inayonakili matini zake za utafiti kutoka seva kila usiku. Ssh ikiuliza nywila saa nane za usiku, skripti iliyoachwa katika dirisha lililo wazi itangoja pasipo faida. Kigezo cha BatchMode=yes huzuia maswali ya namna hiyo: ssh hushindwa mara moja badala ya kungoja. Nacho ConnectTimeout=10 huweka ukomo wa sekunde 10 za kusubiri muungano.

Badala ya nywila hutumiwa jozi ya funguo. Ule wa siri hubaki kwa mwombaji, na ule wa hadhara huandikwa katika faili la authorized_keys kwenye seva. Hata hivyo, ufunguo wa siri usiolindwa kwa fungu la maneno humpa yeyote aupataye mamlaka yote ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo, yafaa kila kazi iwe na ufunguo wake, na mstari wake katika seva utanguliwe na neno restrict, lililoingizwa mwaka 2016, pamoja na command= inayotaja amri moja tu inayoruhusiwa. Ufunguo wa kunakili matini hautaweza basi kuzifuta.

3.0 Swali la Utambulisho

Swali la pili linahusu seva yenyewe: je, ndiyo ile tunayoikusudia? Wapo wanaolinyamazisha kwa kuandika StrictHostKeyChecking=no. Kwa maoni yetu, huko ni kumfukuza bawabu kwa kuwa anauliza majina ya wageni. Njia iliyo salama ni kuthibitisha alama ya ufunguo wa seva kwa msimamizi wake, kisha kuuandika ufunguo huo katika faili la known_hosts kabla ya skripti kuanza kazi. Thamani ya accept-new, iliyoongezwa mwaka 2017, ni ya kati na kati: huipokea seva ngeni bila kuuliza, lakini huikataa iliyobadilisha ufunguo.

4.0 Makosa Yasiyopiga Kelele

Skripti inaposoma majina ya seva kumi katika kitanzi cha while read, na ssh ikaitwa ndani yake, mara nyingi seva ya kwanza tu ndiyo hushughulikiwa. Sababu ni kwamba ssh husoma ingizo lile lile la kitanzi, ikayameza majina tisa yaliyosalia. Kitanzi hukoma bila onyo lolote. Dawa yake ni kigezo cha -n, kinachoizuia ssh kusoma ingizo hilo.

Aidha, ssh humaliza kwa kurudisha namba ya amri iliyotekelezwa mbali; ikishindwa yenyewe, hurudisha 255. Mwandishi wa skripti hana budi kuipima namba hiyo. Asipofanya hivyo, nakala isiyokuwapo itahesabiwa kuwa imehifadhiwa, na kosa litagunduliwa siku matini zitakapohitajiwa.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ugumu wa ssh katika skripti hautokani na wingi wa vigezo vyake, bali na kutokuwapo kwa mtu wa kuamua. Uamuzi wa nani aaminiwe, afanye nini, na kushindwa kutambuliwe vipi, sharti uandikwe mapema. Kunyamazisha maswali ni jambo jepesi. Kuyajibu ndiyo kazi ya mtaalamu.