SOMO: DEREVA MWENYE ADABU



Tangu Dodoma ifanywe Jiji tarehe 26 Aprili 2018, magari yameongezeka, na malalamiko juu ya madereva yameongezeka pamoja nayo. Tukitoka kanisani hayo ndiyo mazungumzo yetu: huyu kamrushia mama matope, yule kampigia mzee honi mpaka akaangusha fimbo. Nami nina yangu. Nilimwona konda akimsukuma mwanafunzi mlangoni mwa daladala kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na dereva wake akicheka. Siku ile ile dereva wa lori la mchanga alisimama akangoja kipofu na kiongozi wake wavuke polepole, wala hakugusa honi.

Lakini leo tuwaache wakorofi. Hao hujulikana kwa mbali. Hata Yehu alitambuliwa na mlinzi aliye mnarani kwa uendeshaji wake tu (2 Wafalme 9:20). Nataka tumchunguze dereva mwenye adabu, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka jana niliazima gari la mwanangu kwenda sokoni. Kwenye kivuko kimoja nilimwona binti wa shule ya msingi amesimama ukingoni, mkoba mgongoni. Nikasimama. Akasita. Nikampungia mkono avuke, naye akaniinamia kwa heshima akaingia barabarani. Nilijiona mtu mwema sana. Kioo cha pembeni sikukitazama. Bodaboda ikatoka nyuma yangu, ikanipita kwa kulia, ikamkosa binti kwa shibiri moja. Alijitupa nyuma akaanguka, na kiatu chake kimoja kikabaki katikati ya njia.

Niliposhuka kumwinua aliniuliza, bila hasira, "Babu, si wewe uliniambia nipite?"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikuwa na jibu.

Yule kijana wa bodaboda alikosa, hilo halina ubishi: kulipita gari lililosimama kivukoni ni kosa. Nami je? Kusimama kulikuwa wajibu wangu. Kosa lilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa na amri juu ya gari moja tu, lakini mkono wangu ulimwambia mtoto kwamba barabara nzima ni salama.

Tufanye hesabu kidogo. Mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio kikomo katika maeneo ya makazi, ni karibu meta 14 kwa kila sekunde. Kabla mguu wa dereva haujaikanyaga breki, sekunde moja hivi imekwisha kupita, na chombo kimekwenda hatua ishirini za mtu mzima. Kwa kilometa 80 ni hatua thelathini. Binti yule alifichwa na gari langu. Yule kijana alipomwona, zilikuwa zimebaki hatua mbili au tatu.

Basi tupunguze mwendo mapema, tusimame mbali kidogo na mistari ili walio nyuma na pembeni wamwone anayevuka, tutazame vioo, na mkono tuutulize kwenye usukani. Mwenda kwa miguu aamue mwenyewe. Naye afikapo ukingo wa gari lililosimama, asimame tena, achungulie.

Taa nazo ni vivyo hivyo. Mmoja akikumulika maana yake "pita", mwingine maana yake "naja, ondoka", na wewe huwezi kujua ni yupi. (Wako pia wanaowamulikia wenzao kuwaonya kwamba askari yuko mbele. Huo nao huitwa wema, ingawa anayeonywa ni yule anayekwenda mbio.) Hata penye kipilefti, anayesimama katikati ya mzunguko ili kumwingiza rafiki huwachanganya wengine wote. Afadhali kila mtu aifuate zamu yake, ampishe atokaye kulia, kwa kuwa hapo kila mmoja hujua mwenzake atafanya nini.

Kazi ya juma hili: waulizeni watoto wenu, "Dereva akikupungia mkono, wewe hufanya nini?" Msiwasaidie kujibu. Mimi nilimwuliza mjukuu wangu wa darasa la tatu. Alisema, "Nakimbia."