Kanzu Mbili za Nabii Yusuf na Ushahidi wa Damu



Muhula uliopita nilisaidia kumbeba kijana aliyechomwa kisu karibu na soko la Konyo Konyo, hapa Juba. Nilirudi nyumbani kanzu imelowa damu. Jirani wa kwanza kuniona akauliza, "Umemuua nani?" Alikuwa anatania, lakini usingizi ulinipaa. Je, kama kijana angefariki, na hakuna aliyeniona nikimbeba?

Swali hilo lilinirudisha kwenye Surat Yusuf. Ndugu zake walimletea Nabii Yaakub (a.s.) kanzu yenye damu ya uongo. Wafasiri wanaeleza kwamba mzee aliitambua hila kwa kuwa kanzu haikuchanika. Mbwa mwitu gani amle mtu asiichane nguo yake? Baadaye, kanzu iliyochanika nyuma ndiyo iliyomsafisha Yusuf (a.s.) na tuhuma. Kanzu ya kwanza inatuonya tusihukumu kwa kuona damu tu. Ya pili inaonyesha kuwa alama ikisomwa vizuri humwokoa asiye na hatia.

Wachunguzi wa mauaji nao huuliza maswali manne.

1. Je, ni damu? Kipimo cha Kastle-Meyer hugeuka rangi ya waridi kikigusa damu. Hata hivyo, baadhi ya mboga huweza kukigeuza vilevile, kwa hiyo hicho ni kidokezo tu.

2. Ni ya binadamu? Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth aligundua kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama. Mwaka huohuo seremala Ludwig Tessnow alishukiwa kuua watoto wawili katika kisiwa cha Rügen. Alidai madoa ya nguo zake ni rangi ya mbao. Kipimo kilionyesha damu ya binadamu, na nyingine ya kondoo.

3. Ni ya nani? Makundi ya damu, aliyoyagundua Karl Landsteiner, huweza kumwondoa mtu kwenye tuhuma, lakini watu wengi hushiriki kundi moja. Vinasaba, yaani DNA, ambavyo Alec Jeffreys alionyesha njia ya kuvitumia mwaka 1984, hukaribia zaidi mtu mmoja.

4. Imefikaje hapo? Tone lililoanguka wima huwa la mviringo, lililorushwa hurefuka. Damu ya kubeba majeruhi hupakazika.

Katika fiqhi, alama kama hizi huitwa qarina. Jumhuri ya wanazuoni hutaka kukiri au mashahidi wawili waadilifu ili kisasi kithibiti. Ibn al-Qayyim naye alisisitiza kuwa kadhi asizipuuze qarina, haki isije ikapotea.

Kwetu jambo hili si la darasani tu. Kifungu cha 206 cha Sheria ya Adhabu ya 2008 kinawaruhusu jamaa wa marehemu kuchagua fidia ya damu kwa mila. Akitajwa asiyehusika, ukoo wake utatoa ng'ombe kwa kosa la mwingine, au kisasi kitaanza upya.

Basi ndugu zangu, tukikuta damu, tumsaidie majeruhi kwanza, tusikanyage madoa, wala tusitaje jina la mtu kwa dhana. Nguo yenye damu ikauke kwa hewa, iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Mimi usiku ule niliifua kanzu yangu hadi ikang'aa. Ningetuhumiwa, ningekuwa nimeshamfua shahidi wangu.

Wallahu aalam.