Nisba Moja Haitoshi: Kukadiria Alama za Chuo kwa Mtoto wa Darasa la 12 Maskati

Kila kiangazi, matokeo ya Diploma ya Elimu ya Jumla yakitoka hapa Omani, simu za jamaa zinalia kutoka Seeb mpaka Ruwi, na nyingine zinatoka Unguja, na swali ni lile lile: "Kapata nisba ngapi?", yaani asilimia ngapi. Mtoto anajibu 88, anapongezwa au anapewa pole, mambo yanaishia hapo. Kwa anayetafuta nafasi ya chuo, jibu hilo halimfikishi mbali. Ile 88 ni wastani wa masomo yote, na programu za chuo hazimpangi mtoto kwa wastani huo peke yake. Zinampanga kwa alama ya ushindani, na mtoto mmoja ana alama za ushindani nyingi, kwa kadiri ya programu alizoziomba.

Kituo cha Udahili wa Elimu ya Juu, kilichoundwa kwa amri ya kisultani ya mwaka 2005, ndicho kinachogawa nafasi za Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos pale Al Khoud, za Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, na za ufadhili wa serikali. Hesabu yake si siri. Chukua wastani wa masomo yote, uupe uzito wa asilimia 40. Chukua wastani wa masomo yale tu ambayo programu inayataka, uupe uzito wa asilimia 60. Jumlisha. Uzito huu na masomo yanayotakiwa viangalieni kwenye mwongozo wa mwanafunzi wa mwaka wenu, si kwenye ule aliotumia dada wa mtoto wenu miaka mitatu nyuma, kwa sababu masharti hubadilika.

Tufanye mfano. Binti ana masomo 9, kila moja juu ya 100: hisabati 94, kemia 92, fizikia 90, biolojia 86, Kiingereza 79, Kiarabu 85, elimu ya Kiislamu 91, masomo ya jamii 84, na somo la hiari 91. Jumla ni 792, wastani 88. Sasa anaomba programu inayotaka hisabati, fizikia na kemia. Wastani wa hayo matatu ni 92. Asilimia 40 ya 88 ni 35.2, asilimia 60 ya 92 ni 55.2, jumla 90.4. Binti huyo huyo, diploma hiyo hiyo, aombe programu inayotaka hisabati na Kiingereza: wastani wa hayo mawili ni 86.5, na alama yake inashuka hadi 87.1. Tofauti ni 3.3. Kwenye programu zinazogombewa sana, watoto hutenganishwa kwa desimali, kwa hiyo 3.3 ni umbali mkubwa.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteza nguvu zao. Wanalipia masomo ya ziada katika somo ambalo mtoto amepata alama ndogo kuliko yote, bila kuuliza kama somo hilo linahesabiwa mara mbili. Katika mfano wetu, alama moja ya ziada ya fizikia inaingia kwenye wastani wa jumla na inaingia tena kwenye wastani wa masomo matatu. Inampandisha kwa karibu 0.24. Alama moja ya masomo ya jamii inampandisha kwa 0.04 tu. Akiongeza alama 5 kwenye fizikia, 90.4 inakuwa zaidi ya 91.6. Akiongeza 5 hizo kwenye masomo ya jamii, inafika 90.6. Alama ya fizikia ina thamani mara tano na nusu ya ile nyingine, na saa ya jioni ya mtoto ni ile ile. Sisemi masomo mengine yaachwe. Akianguka somo moja, diploma yenyewe inakwama. Lakini akishavuka salama katika somo lisilotakiwa, jioni zilizobaki zipelekwe kwenye yale yanayotakiwa.

Makadirio yafanywe mapema, kwa sababu usajili hufunguliwa majira ya Aprili, kabla ya mitihani ya mwisho. Mtoto anachagua raghba zake, yaani orodha ya programu anazozitaka, huku matokeo hana. Nashauri mchukue karatasi na kuandika safu tatu kwa kila somo. Ya kwanza ni alama ya chini ambayo hamwamini kuwa atapata pungufu yake. Ya pili ni ile anayoipata kwa kawaida. Ya tatu ni ile atakayopata siku ikimwendea vizuri. Kwa safu ya kati tumieni mtihani wa muhula wa kwanza wa darasa la 12, si alama za kazi za darasani. Alama za kazi za darasani mara nyingi ziko juu, na mtoto anayezitegemea anajikuta amekadiria zaidi ya uwezo wake. Kisha pigeni hesabu ya 40 na 60 kwa kila programu, mara tatu. Mtapata kiwango cha chini, cha kati na cha juu kwa kila raghba. Hicho ndicho kinachofaa kupangia, kuliko namba moja.

Baada ya hapo, linganisheni na alama ya mtu wa mwisho aliyeingia programu hiyo mwaka uliopita. Alama hiyo ina faida, lakini inasomwa vibaya. Haikuwekwa na chuo kama kizingiti; imetokana na watu. Ni alama ya yule aliyekalia kiti cha mwisho, na mwaka huu viti vikipungua, au waombaji wakiongezeka, au mtihani wa kemia ukiwa mwepesi na kila mtu akapanda, kiti hicho kitakwenda kwa alama nyingine. Ndiyo maana nafasi ya mtoto kati ya wenzake inasema zaidi kuliko asilimia yake. Australia wamelifanya hili liwe wazi: namba yao ya kuingilia chuo, ATAR, si alama kabisa bali ni nafasi, na anayepata 80 amewapita takriban asilimia 80 ya vijana wa rika lake. Hapa kwetu hesabu ni ya alama, ila ushindani wenyewe ni wa nafasi. Ukiona mwaka huu shule nzima imepanda kwa alama 3, usimwambie mtoto kuwa 91 yake inatosha kwa sababu mwaka jana ilitosha. Na kama mwongozo umetenga viti vya wavulana na vya wasichana, linganisheni na safu inayomhusu mtoto wenu.

Mpangilio wa raghba uwe wa mapenzi ya kweli. Mfumo unashuka orodha ya mtoto kutoka juu na kumpa ya kwanza ambayo alama yake inaifikia, kwa hiyo kuweka juu programu ngumu anayoipenda hakumnyimi iliyo chini yake. Kinachomwangusha ni kujaza orodha nzima kwa programu ngumu. Juu awe na zile zinazohitaji safu yake ya tatu, katikati zile za safu ya pili, na mwisho asikose kadhaa ambazo hata safu ya kwanza inazifikia, tena ziwe programu ambazo kweli atakubali kuzisoma. Matokeo yakitoka kuna muda mfupi wa kurekebisha kabla ya upangaji wa kwanza. Hapo makadirio yanatupwa na hesabu inapigwa upya kwa alama halisi. Wengi wako safarini wakati huo, na wanapitwa.

Kuna jambo moja hesabu haiwezi kulirekebisha: somo ambalo mtoto hakulisoma. Omani ina hisabati ya aina mbili, moja nzito na moja nyepesi, na programu nyingi za uhandisi na sayansi zinataka ile nzito. Aliyechagua nyepesi ili apate nisba nzuri anaweza kuwa na wastani wa 95 na jina lake lisiingie kabisa kwenye ushindani wa uhandisi. Mazungumzo haya yafanyike mtoto akiwa darasa la 10, kabla ya kuchagua masomo.

Nafasi hizi za serikali ni kwa ajili ya raia wa Omani. Katika familia zetu mara nyingi mtoto mmoja ana pasi ya Omani na binamu yake ni Mtanzania au Mkenya mwenye ukaazi, na hao hawana njia moja. Omani aliyesoma shule yenye cheti cha kigeni anahitaji muadala, yaani ulinganifu wa cheti, kutoka Wizara ya Elimu kabla ya kushindana. Mtanzania anayetaka kurudi kusoma nyumbani apeleke cheti chake Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kikapewe ulinganifu. Kule hesabu ni nyingine: A ya kidato cha sita ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ingawa programu nyingi hutaka zaidi. Mkenya aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, hesabu yake inachanganya pointi za masomo manne ya kundi, juu ya 48, na za masomo saba, juu ya 84. Huko nako masomo yanayotakiwa yanahesabiwa mara mbili.

Wazazi, kaeni na mtoto mwongozo ukiwa mbele yenu, na kalkuleta, kabla usajili haujafungwa. Mwacheni yeye mwenyewe apige hesabu. Akishaona kwa macho yake kwamba alama 5 za fizikia zinamsogeza zaidi ya alama moja nzima, hamtahitaji kumhimiza asome.