Kiti kinacheza? Toa kwanza gundi ya zamani

Naro Moru iko upande wa magharibi wa Mlima Kenya, upande ambao mlima huunyima mvua. Januari na Februari upepo mkavu hunyonya unyevu wa mbao nazo hunywea. Mvua za Machi hadi Mei zikija, zinavimba tena. Baada ya miaka ya kunywea na kuvimba, gundi iliyo ndani ya viungo hupasuka, na kiti huanza kucheza.

Wengi hukamulia gundi mpya kwenye ufa, au hupigilia msumari. Dawa hizo hazidumu. Gundi ya mbao hushika kwa kupenya kwenye nyuzi za mbao, na mbao iliyofunikwa na gundi iliyokauka haina pa kupenya. Kwa hiyo kazi kubwa ya kukarabati kiti ni kusafisha kiungo. Kupaka gundi mpya ni dakika chache tu.

Tambua gundi uliyo nayo

Dondosha maji ya moto kwenye gundi inayoonekana, usubiri dakika mbili au tatu, kisha uiguse.

- Ikinata vidoleni, ikiwa na rangi ya kahawia na harufu ya supu ya kwato, ni gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Karibu fanicha zote zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ziliunganishwa kwa gundi hiyo.
- Ikigeuka nyeupe na kulainika kama mpira, ni gundi nyeupe ya kisasa, ile ya kopo inayouzwa kila hadwea.
- Ikiwa ya manjano au kahawia na inavutika, hasa chini ya fomaika au ngozi ya kiti, ni gundi ya kontakti.
- Isipobadilika kabisa na ikiwa ngumu kama kioo, huenda ni epoksi au gundi ya unga ya viwandani.

Fungua kiungo bila kukivunja

Kwanza tafuta misumari na skrubu zilizofichwa uzitoe. Andika kwa penseli kila kipande na mahali pake. Kisha gonga kwa nyundo ya mpira, au weka kipande cha mbao laini kati ya nyundo ya chuma na kiti.

Kiungo kikikataa, usilazimishe. Nunua sindano kwenye agroveti, uvute siki iliyopashwa moto, uiingize taratibu kwenye ufa. Subiri robo saa, tikisa, kisha rudia. Siki na joto hulainisha gundi ya wanyama na ile nyeupe. Mashine ya kukaushia nywele nayo husaidia, hata kwa epoksi, ambayo hulegea ikipata joto kali.

Safisha hadi mbao ionekane

Gundi ya wanyama haihitaji maji yanayochemka. Nyuzi za Selsiasi 60 hivi zinatosha. Naro Moru, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Changanya vikombe viwili vya maji yaliyochemka na kikombe kimoja cha maji baridi, utapata joto la kufaa. Lowesha kitambaa, kizungushe kwenye ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, kwa dakika kumi, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Kwa gundi nyeupe tumia siki ya moto kwa njia hiyo hiyo, halafu futa kwa maji safi.

Kontakti hutoka kwa thina au asetoni. Epoksi na gundi ya unga hukwanguliwa tu: shika patasi kali wima, uikokote kufuata nyuzi za mbao.

Usitumie msasa kwa wingi. Ulimi ukipungua hata unene wa karatasi chache, kiungo hakitakaza tena. Kama kiti ni cha muhuru au mtarakwa wa zamani, kila chembe ya mbao ina thamani. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na kupata kipande cha kufanana nacho si rahisi.

Utajuaje kuwa umemaliza? Dondosha tone la maji kwenye ulimi. Likinywewa na mbao, ni safi. Likisimama juu kama shanga, bado kuna gundi.

Gundi mpya na baridi ya mlima

Acha mbao ikauke kivulini siku mbili. Unganisha kwanza bila gundi uone kama vipande vinaingiana. Kisha paka gundi ndani ya tundu na juu ya ulimi, na ufunge kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda.

Gundi nyeupe haipendi baridi: chini ya nyuzi 10, nyingi ya gundi hizi hukauka kama chaki na hazina nguvu. Usiku wa Julai hapa hushuka chini ya hapo. Gandisha viungo saa za mchana, kisha ukilaze kiti jikoni au chumba chenye joto kwa saa 24 kabla ya mtu kukikalia.

Tahadhari

Thina na asetoni hushika moto upesi: fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, na uvae glavu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu wala mbele ya watoto.

Fanicha yenye veneya ipeleke kwa seremala, kwa sababu maji ya moto yanayofungua kiungo hubandua veneya pia. Mwambie fundi mapema kwamba unataka gundi ya zamani itolewe, na uombe kuviona viungo kabla havijapakwa gundi mpya.