Kichaka Kisageni, Msikichome

Mimi ni mkaaji wa Kihoto, Naivasha. Pande zetu, shamba likikaa miaka michache bila jembe, leleshwa hulimeza. Wengi hufyeka na kuwasha moto. Kazi yaisha upesi, lakini udongo wetu wa volkano ni mwepesi; ukiachwa uchi, upepo huupeperusha na mvua huusomba hadi ziwani.

Iko njia nyingine. Trekta lililofungwa mtambo wa chuma wenye meno, unaozunguka kwa kasi, husaga kichaka papo hapo na kuyaacha mabaki juu ya ardhi. Asiye na trekta achukue panga, akatekate matawi, ayatandaze. Matandazo hayo hukinga udongo na jua, hupunguza magugu, na mwishowe huoza yakawa mbolea.

Lakini tahadhari! Kisiki cha leleshwa huchipua tena, sharti king'olewe. Nao mathenge, mti ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, usiusage ukiwa na maganda, maana utakuwa umepanda mbegu shamba zima. Basi wenzangu, kabla ya kushika panga, tujue kwanza tunakata nini.