Mdogo Wangu, Maikrobiolojia Haisomwi Usiku wa Mtihani

"Shikamoo dada. Nimeingia mwaka wa pili, na muhula huu tuna maikrobiolojia. Waliotutangulia wanasema somo hili linakamata watu, eti majina ya bakteria peke yake yanajaza daftari. Halafu mimi ni mwoga, naogopa kushika vidudu nikapeleka magonjwa chumbani kwetu hosteli. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao waliokutangulia, maana wamekutisha kwa jambo ambalo silo. Wengi wanaopata sapu hapa hawaangushwi na majina, wanaangushwa na vitendo. Siku ya maabara walisimama nyuma ya kundi, wakamwachia mwenzao mmoja afanye kila kitu, wao wakapiga picha kwa simu na kunakili ripoti. Hili ni somo la mikono. Ukilisoma kwa macho tu, litakuadhibu.

Wiki za mwanzo ni nyepesi. Utajifunza makundi: bakteria, virusi, fangasi, protozoa (humo ndimo alimo kimelea wa malaria), na namna seli ya bakteria inavyotofautiana na ya kwako. Utatajiwa Pasteur, kisha Robert Koch, aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata kimelea wa kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani inaangukia tarehe hiyo. Kanuni zake za kuthibitisha kwamba kidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani huwa hazikosi kwenye mtihani, kwa hiyo zijue. Ila kuna kipande cha maisha yake ambacho ni rahisi kurukwa darasani. Mwaka 1906 alifika huku kwetu, akaweka kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kutibu malale kwa dawa ya atoksili, yenye aseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Mimi naona mwanafunzi wa Afrika Mashariki anastahili kumjua Koch mzima, si nusu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zoezi litakaloonyesha kama mkono wako umetulia ni kupaka rangi ya Gram. Hans Christian Gram alikuwa daktari wa Denmark. Njia hii aliibuni Berlin akiwa anachunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akaichapisha mwaka 1884, na hadi leo maabara za hospitali zinaitumia kila siku.

Unaweka tone dogo la maji kwenye slaidi, unagusa koloni la bakteria kwa kitanzi cha waya, unatandaza. Kidogo, mdogo wangu, kidogo! Utando ukiwa mzito, rangi itanasa ovyo na hutaelewa unachokiona. Uache ukauke wenyewe, usiupulize kwa mdomo. Pitisha slaidi juu ya moto mara mbili tatu, kisha iguse kwa nyuma ya kiganja: iwe vuguvugu, isiunguze. Mwagia rangi ya zambarau, subiri dakika moja, suuza. Iodini, dakika moja, suuza. Halafu spiriti, na hapa ndipo watu wanapopoteza maksi. Inamisha slaidi, dondosha taratibu, jicho lisitoke kwenye kile kinachotiririka. Kikianza kutoka bila rangi, suuza papo hapo. Ni suala la sekunde tu. Ukichelewa, hata waliopaswa kubaki zambarau wanavuliwa rangi. Ukiwahi mno, wote wanabaki zambarau. Malizia na safranini, ambayo huwapa waridi wale waliopoteza rangi ya kwanza. Tone la mafuta, lenzi ya 100, na kwa kuwa kioo cha kutazamia ni cha 10, unaona kitu kilichokuzwa mara 1,000.

Wanaobaki zambarau ni Gram chanya: wana ukuta mnene wa peptidoglikani unaoifungia rangi ndani. Wa waridi ni Gram hasi: ukuta wao ni mwembamba, ila wamejivika utando mwingine kwa nje, na utando huo unazuia dawa nyingi zisipenye. Ukishaelewa hilo, nusu ya somo la dawa umelielewa bila kukariri, kwa sababu penisilini hushambulia ujenzi wa ukuta huohuo.

Zoezi la pili ni kuotesha. Utachora mistari ya bakteria juu ya sahani yenye aga, ukiunguza kitanzi kila unapohamia upande mwingine, mpaka mwisho bakteria wabaki wachache kiasi cha kila mmoja kuota koloni lake peke yake. Hapo umewatenganisha waliochanganyika. Aga yenyewe hutoka kwenye mwani, na aliyeileta maabara alikuwa Fanny Hesse, mwanamke aliyekuwa akiitumia jikoni kugandishia jeli. Wakati huo, mwaka 1881, wanaume wa maabara walikuwa wakihangaika na gelatini inayoyeyuka kwenye joto. Jina lake halikuwekwa kwenye sahani. Limewekwa la Petri. (Ukiulizwa na shangazi yako wa Zanzibar: mwani wanaolima kinamama wa Paje hutoa karajini, ambayo ni ndugu yake, si aga.) Ukiingiza sahani kwenye inkubeta ya nyuzi 37, igeuze juu chini, la sivyo mvuke utadondokea makoloni yako na kuyavuruga.

Hesabu zipo, usizikimbie. E. coli akiwa kwenye mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja tu, ndani ya saa saba, anazidi milioni mbili. Huwezi kuwahesabu hao, kwa hiyo unapunguza sampuli mara kumi, na mara kumi tena, mpaka upate sahani yenye makoloni kati ya 30 na 300, halafu unazidisha kurudi nyuma. Fanya hesabu hizi kwa mkono mara nyingi kabla ya mtihani, maana kosa la sifuri moja limewagharimu wengi. Na ukiwa hapo, kumbuka kiporo cha wali kilichoachwa juu ya meza usiku kucha. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na sumu ya kutapisha anayoiacha kwenye wali haitoki hata ukipasha moto. Hosteli mnanielewa.

Wiki ninayoipenda kuliko zote ni ile ya dawa. Mnafunika sahani nzima kwa bakteria wa aina moja, mnaweka juu yake vidonge vya karatasi vilivyolowekwa antibayotiki, mnasubiri hadi kesho. Dawa inayofanya kazi inazungukwa na duara tupu, na unalipima kwa rula, kwa milimita. Isiyofanya kazi, bakteria wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Usugu wa dawa unausikia redioni kila siku, lakini siku utakayoona bakteria wameikumbatia ile dawa unayoinunua duka la jirani bila cheti, hutahitaji tena mtu wa kukuhubiria umalize dozi.

Hapo pia utaanza kusikiliza kwa sikio jingine yale majibu tuliyoyazoea, "una UTI na taifodi kidogo". Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal kinatafuta kingamwili kwenye damu, hakimtafuti bakteria mwenyewe, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, za chanjo, au za kidudu kingine kinachofanana naye. Kumkamata mwenyewe kunahitaji kuotesha damu. Mkojo nao huoteshwa, na kiwango kilichozoeleka cha kuonyesha maambukizi ni bakteria 100,000 au zaidi kwa kila mililita. Ile hesabu ya kupunguza mara kumi imerudi. Lakini usiende zahanati kubishana na daktari kwa sababu umesoma muhula mmoja. Muulize tu kwa heshima kama inawezekana sampuli ioteshwe kabla ya kuanza dawa.

Kuhusu woga wako. Wanafunzi wa mwanzo hupewa vijidudu vyenye hatari ndogo. Hakuna atakayekukabidhi kifua kikuu uoteshe. Hatari inakuja na mazoea: kuingia kantini na koti la maabara, kutafuna kalamu, kuweka simu juu ya meza kisha kuibandika shavuni. Funga nywele, na kama unavaa hijabu, ncha zake zichomeke ndani ya koti, maana kuna moto wazi. Futa meza kwa spiriti ya asilimia 70, si ile kali kabisa, kwa kuwa maji kidogo ndani yake huisaidia kuharibu protini za kidudu. Ukimaliza, vilivyooteshwa vinaingia otoklevu, nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, na wewe unanawa mikono kwa sabuni. Ukifanya hivyo, wenzako chumbani wako salama.

Majina sasa. Usiyapange kwa alfabeti, kila jina lishikane na kitu ulichokiona kwa macho yako. Staphylococcus ni vishada vya zambarau, ukidondoshea haidrojeni peroksaidi anatoa mapovu. Streptococcus ni mnyororo, hatoi mapovu. E. coli anaota waridi kwenye aga ya MacConkey kwa sababu anachachusha laktosi, Salmonella hapo hapo anabaki bila rangi. Chora kwa penseli siku ileile uliyotazama kwenye hadubini, hata kama huna kipaji.

Mwisho wa muhula huenda ukapewa bomba lenye namba tu, bila jina, uambiwe umtambue aliyemo. Anza na Gram. Ukiona zambarau na waridi kwenye slaidi moja, usibahatishe jina ili umalize mapema. Inawezekana spiriti ilizidi, au bakteria wako wamezeeka, au humo bombani wamo wawili. Chora sahani mpya, iingize kwenye inkubeta, ukalale. Asubuhi utahesabu kuna aina ngapi za makoloni.