Dondoo muhimu: Kuongeza kasi ya kadi ya michoro bila kuiunguza

Kabla ya chochote, feni husafishwa vumbi, kisha joto na kasi ya kadi hupimwa ikiwa bado katika mpangilio wa kiwandani. Programu kama MSI Afterburner yatosha. Kasi ya kichakataji cha kadi hupandishwa kidogo kidogo, megahezi 15 hadi 25 kwa hatua, na kila hatua hujaribiwa kwa mchezo mzito kwa nusu saa hivi. Kumbukumbu hungoja zamu yake, nayo ina mtego: kadi nyingi za sasa hugundua makosa na kurudia kutuma data, hivyo megahezi huweza kupanda huku mchezo ukizidi kukokota.

Volti huguswa mwisho, kama ni lazima. Umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volti: nyongeza ya asilimia 10 huleta karibu asilimia 21 ya joto la ziada, hata kasi isipobadilika.

Kompyuta ikizimika ghafla mzigo unapopanda, mshukiwa wa kwanza ni pawasapulai. Nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 tu, na plagi ya pini 8 wati 150. Kadi yenye plagi mbili hustahili nyaya mbili tofauti, si mmoja uliogawanywa. Njia ya volti 12 ya pawasapulai hutakiwa kubaki kati ya 11.4 na 12.6, na mita huaminika kuliko namba za programu. Madoa kwenye picha mara nyingi hutokana na kumbukumbu iliyosukumwa mno. Skrini ikiganda, kasi ya kichakataji hurudishwa hatua moja au mbili.